Baba anasema mazoezi ya binti ni kazi za nyumbani: jibu kwa mama wa Mwanjelwa

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mama, nina duka la vitenge Mwanjelwa hapa Mbeya. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 16 na wa kike 14, afu tunakaa na mtoto wa dada yangu katokea Makete, ana 17, kamaliza kidato cha nne mwaka jana yupo tu hapa ananisaidia. Wa kiume kila jioni yuko kwenye mpira mpaka giza. Wa kike tangu aingie sekondari kaacha kila kitu, zamani ilikuwa rede na kamba mpaka namfokea aingie ndani, sasa hivi ni shule, tuisheni, simu, kulala, akipanda kimlima kidogo tu anahema anasema kachoka. Baba yao anasema mtoto wa kike mazoezi yake ni kazi za nyumbani inatosha, na kwamba watoto wa mjini siku hizi ni wavivu tu, tungewapeleka kijijini wangenyooka. Ni kweli? Na kwanini watoto wa nyumba moja wanatofautiana hivi?

Jibu: Marahaba mama, poleni na baridi huko. Umeuliza kitu kimoja lakini ndani ya nyumba yako umenipangia karibu tofauti zote ambazo watu wa afya ya jamii wanahangaika nazo kwa vijana: wa kiume na wa kike, mdogo na mkubwa, aliyelelewa mjini na aliyetoka kijijini, anayesoma na aliyemaliza. Kwahiyo jibu litakuwa refu, vumilia.

Baba watoto hajakosea kote. Kazi za nyumbani zinahesabika, mwili haujui kama unadeki au uko jimu, unachojua ni moyo umepanda au haujapanda. Ila kuna kazi na kazi, ntakuja huko. La uvivu ndo nalikataa. Nimekaa na hii kazi ya fiziotherapia huku nyanda za juu muda wa kutosha na kijana mvivu kweli kweli ni adimu kuliko watu wanavyodhani, wengi ni kijana ambaye hana saa ya kucheza, au hana pa kuchezea, au ruhusa ndo hana, na mara nyingi kwa watoto wa kike ni vyote kwa pamoja, sasa anabaki na simu afu tunaanza kumsema simu.

Tuanze na kiwango chenyewe tusije tukabishana hewani. WHO, yani Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo 2020, wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme kiasi au zaidi, na angalau siku 3 kwa wiki ziwepo zile za kuhema hasa pamoja na za kuimarisha misuli na mifupa, yani kukimbia, kuruka, kupanda. Sio lazima zifuatane, ukizikusanya kidogokidogo zinahesabika. Kipimo chake cha bure ni hiki: akiwa anafanya anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hiyo ni ya kiasi, akiongea maneno mawili matatu pumzi inakata hiyo ni ya nguvu. Akiweza kuimba wimbo mzima na beti zake zote, bado.

Wangapi wanafikia? Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa wa watu wa WHO, walikusanya majibu ya wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, na kwa mwaka 2016 waliokuwa chini ya hizo dakika 60 walikuwa asilimia 81. Vijana 4 kati ya 5 duniani aisee. Wa kiume asilimia 77.6, wa kike 84.7. Afu cha kuangalia zaidi ni mwendo wake: kati ya 2001 na 2016 wavulana walijitahidi kidogo, walitoka asilimia 80.1, wasichana wakabaki palepale, kwahiyo pengo likazidi kupanuka. Katika nchi zote hizo ni nne tu ambazo wasichana hawakuwa nyuma ya wavulana: Tonga, Samoa, Afghanistan na Zambia. Zambia ndugu zetu hapo ng'ambo ya Tunduma. Usikimbilie kusema basi kule mabinti wanacheza sana, mnaweza mkawa sawa kwasababu wote mko chini. Ila inakuonyesha hili pengo halikuumbwa na mwili wa mwanamke, ingekuwa hivyo lisingekosekana popote.

Na hizo ni hesabu za walioko shuleni. Mtoto wa dada yako hayumo humo, kashamaliza. Dogo anayepakia lumbesa za viazi Uyole hayumo. Hata aliyeko shuleni swali lenyewe ni la kukumbuka, kwamba siku 7 zilizopita ni siku ngapi ulichangamsha mwili kwa jumla ya dakika 60 au zaidi, sasa muulize mtoto wa Umalila ambaye Jumamosi nzima kashinda anavuna viazi, wengi watakujibu hamna, kwasababu wao shamba hawalihesabu kabisa, wanahesabu mpira na mchakamchaka. Ndo maana wanaopima kwa kile kifaa kidogo cha kufunga kiunoni kinachorekodi mtikisiko wa mwili saa ingine wanapata picha tofauti na wanaopima kwa karatasi.

Sasa turudi kwa baba. Wataalamu wana jedwali la kupima ukali wa shughuli, kipimo chake kinaitwa MET. Kukaa umetulia ni 1. Kuanzia 3 ndo inaanza kuhesabika kuwa ya kiasi, kuanzia 6 ni ya nguvu. Kupika ni 2, kuosha vyombo ni humohumo kwenye 2. Kudeki kwa bidii ya kawaida 3.5. Kufua kwa mikono 4. Chandimu ya mtaani 7. Kuruka kamba taratibu karibu 9, ukichangamka karibu 12. Hizo namba ni za watu wazima, kwa watoto zinacheza kidogo, lakini mpangilio ni uleule.

Umeona shida ilipo? Binti akideki nyumba nzima na kufua Jumamosi, hiyo inaingia, tena vizuri tu, hapo mzee yuko sahihi. Ila kazi anazopewa mtoto wa kike siku za katikati ya wiki nyingi ni zile za 2: vyombo, kupika, kuchambua mchele, kupanga nguo, kumshika mdogo. Anachoka, tena anachoka kweli, miguu inamuuma kwa kusimama, na moyo haujapanda hata kidogo. Mifupa nayo haijapata kishindo. Hili la mifupa wazazi wengi hawaambiwi: binti akifika miaka 18 hivi kashajenga karibu asilimia 90 ya mfupa wote atakaowahi kuwa nao, na mfupa unajengwa na mguu unapopiga chini, kuruka, kukimbia, kugeuka ghafla. Ukifika miaka 45 unalinda kilichopo tu. Ile rede na kamba uliyokuwa unamfokea ilikuwa inafanya hiyo kazi bure.

Sasa twende kwenye saa 10 jioni, na hapa nataka ukae uangalie nyumba yako siku mbili tatu bila kusema kitu kwa mtu. Saa 10 ndo saa ya kucheza Mbeya nzima, jua limepoa na giza bado. Kijana wako anatupa begi, anavaa bukta, anatoka. Nani anabaki na lile sufuria lililogandia ugali? Nani anaenda gengeni kufata nyanya na mchicha, nani anawasha jiko la mkaa, nani anaanua nguo kabla umande haujashuka, nani anatumwa dukani kwako na hotpoti ya chakula? Yale masaa mawili anayokimbia kaka yao kuna mtu kayalipia, na huyo mtu ni dada yake na binamu yake. Sikulaumu mama, wengi tumelelewa hivyohivyo na hamna aliyekaa akapanga. UNICEF walitoa hesabu 2016, kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa umri wao kwenye kazi za nyumbani, pamoja na maji na kuni. Huo muda wa ziada lazima utoke mahali, na kitu cha kwanza kukatwa ni mchezo, kwasababu shule ina mwalimu wa kuuliza, usingizi unajidai wenyewe, mchezo hauna wa kuudai.

Kwahiyo ukiniuliza kwanini watoto wa nyumba moja wanatofautiana, jibu langu kubwa ni hilo, ratiba ya saa 10 mpaka saa 12. Mengine yanafuata.

Umri nao upo. Kuna utafiti uliounganisha watoto zaidi ya 27,000 wa nchi 10 waliofungwa vile vifaa vya kiunoni, ukaonyesha kwamba baada ya miaka 5 mwendo wa mtoto unashuka kwa wastani wa asilimia 4.2 kwa kila mwaka wa umri, na wavulana wako juu ya wasichana umri wote. Yani hata kijana wako wa mpira yuko kwenye mteremko huohuo, subiri aingie kidato cha tano uone. Lakini kwa binti kuna lile pigo la kidato cha kwanza. Msingi mtoto anacheza na sketi yake ya shule, mapumziko anaruka kamba na wenzake hamna anayemwangalia. Sekondari mwili umebadilika, kifua kimetoka, hedhi imeanza, na pale anapopita kuna kijiwe cha bodaboda chenye maneno. Uwanja ni wa wavulana, wao wanaingia kila siku bila kuomba, wasichana wakiutaka mpaka iwe siku maalum. Afu wenzake wanaanza kumwambia mdada mzima unaruka kamba. Akija na damu kwenye sketi mara moja tu ukiwa hujamnunulia pedi na taiti ya ndani, hiyo michezo kaaga.

Shule zenyewe ndo usiseme. Kipindi cha michezo kwenye ratiba kipo, kikifika mwalimu wa hesabu anakiomba, na kwa madarasa ya mtihani hakiombwi hata, kinachukuliwa tu. Inapokuja UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wanachaguliwa wachache wenye kipaji wanapiga kambi, mamia waliobaki wanashangilia. Mimi sina ugomvi na UMISSETA, wachezaji wanatoka huko, ila kama mpango wa kuchangamsha watoto wote wa shule haufanyi hiyo kazi wala haukuundwa kuifanya. Ni sawa na useme wanaojaa uwanja wa Sokoine kuangalia Mbeya City wanafanya mazoezi, wamekaa wale.

Na usiogope binti akikwambia anataka mpira wa miguu badala ya wa pete. Serengeti Girls, mabinti wetu wa chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia India 2022 wakafika robo fainali, hiyo ndo umri anaouendea binti yako. Wale nao wana mama zao ambao siku moja waliruhusu.

Kijijini sasa. Baba ana hoja, kwa jumla ya mwendo wa siku mtoto wa kijijini anamshinda wa mjini huku kwetu, Kenya walishawafunga vifaa vijana wa vijijini na wa mjini na wa vijijini wakawa juu. Hata watu wazima, uchambuzi wa WHO uliotoka 2018 uliwakuta Uganda na Msumbiji ndo wenye watu wachache kabisa wasiofikia kiwango cha kuchangamsha mwili, kama asilimia 6 hivi, na sababu haikuwa kwamba Waganda wana jimu nyingi. Ni jembe, ni kutembea, ni maji. Mtoto wa Makete anapanda na kushuka yale makorongo kwenda shule ya kata na kurudi, jioni anaenda kisimani, dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, tena kwa kupanda. Huko Rungwe mkungu wa ndizi unatoka shambani mpaka barabara ya lami kichwani kwa mtu, na mara nyingi huyo mtu ni kijana au binti wa umri wa wanao. Dakika 60 kwake zinaisha kabla ya saa 2 asubuhi.

Ila kumpeleka binti kijijini anyooke, hapana. Kwanza huo mwendo hauna chaguo ndani yake, mtoto hajaupenda, siku akipata pikipiki au akihamia mjini unakatika wote na hana cha kuweka badala yake, na wengi wanahama. Pili tumbo. Mkoa wa Iringa kwa takwimu za kitaifa za 2022 watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu walikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4, mikoa inayolisha nchi hiyo, na moja ya sababu zinazotajwa kila siku ni mama kushinda shambani mtoto analishwa na mtoto mwenzie. Kijana anayetembea kilomita nyingi hajanywa hata uji huwezi kumpigia makofi kwamba kafikisha kiwango. Na wale wanaopanga mageto karibu na shule ili wasitembee, hasa mabinti, wanakwepa umbali wanakutana na mengine ambayo mama unayajua.

Hata hilo gawio la mjini na kijijini halikati vizuri kama watu wanavyoliongea. Simama Uyole asubuhi uangalie vijana wawili, wote wameishia la saba au kidato cha pili, wote wamepanga chumba, wote wana miaka kama 19. Mmoja anapakia lumbesa kwenye fuso, anainama, anainuka, anapanda ubao na gunia mgongoni, mpaka mchana shati limelowa. Mwingine ana bodaboda, kakaa kwenye kiti toka saa 12 asubuhi mpaka saa 3 usiku, akitaka maji anaendesha mpaka dukani mita 50. Kwenye karatasi ya utafiti hawa ni mtu mmoja: kijana wa kiume, mjini, kipato cha chini. Miili yao miaka kumi mbele itakuwa vitu viwili tofauti, na wa lumbesa usidhani ndo kapona, namuona kwangu akija na mgongo.

Hapo ndo nataka tumuongelee mtoto wa dada yako, umemtaja kwa mstari mmoja ukaendelea. Ningemfunga kile kifaa nina hakika angekuwa anashindana na kaka wa mpira, saa ingine anampita, kwasababu "ananisaidia" kwa ninavyozijua nyumba zetu ni kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Deki, chai, soko, maji yakikatika dumu. Mabinti wangapi wa Iringa, Njombe na Makete wako kwenye nyumba za watu Dar wanaishi hivyo. WHO kwenye dodoso lao la watu wazima wanatenganisha mambo matatu, kazi, usafiri, na muda wako mwenyewe, na sababu ipo. Denmark 2021 walitoa matokeo ya watu zaidi ya laki moja: waliochangamsha mwili kwenye muda wao binafsi moyo uliwafaidi, waliotumia mwili sana kazini haikuwa hivyo, walikuwa na hatari zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi haikupi mapumziko, inarudia misuli ileile, huchagui kasi wala pa kuishia. Wale ni Wadenishi watu wazima, sio binti wa Makete, ila ukimwambia huyu binti wikendi akakimbie na mwenzie asije akakuangalia vibaya. Yeye anachodaiwa ni Jumapili yake na usingizi, na mchezo akiutaka mwenyewe. Samahani kama nimeingia sana nyumbani kwako.

Kipato nako kunachanganya watu. Kwenye nchi tajiri kama Uingereza watoto wa familia duni ndo wanaobaki nyuma, kwasababu huko mchezo ni klabu, ada, viatu, na mzazi wa kukupeleka na gari. Huku kwetu maskini anatembea na mwenye nazo ndo anayebebwa, mtoto wa shule ya kulipia anachukuliwa getini na basi la shule anarudishwa getini, nyumbani geti, ndani tivi. Lakini ukiangalia mchezo peke yake, ule wa kuchagua, na sisi tunaanza kufanana nao, kuogelea, karate, jimu ni za mwenye hela, na viwanja vya vumbi ambavyo vilikuwa vya wote vinamegwa frem moja baada ya nyingine. Binti wa hali ya kati kama wako anaangukia katikati: hatembei vya kutosha kama maskini na halipiwi mchezo kama tajiri. Shule yake iko wapi na anaendaje? Hukuniambia. Kama ni nauli ya daladala kwenda na kurudi, nusu ya dawa iko hapo. Angalia tu njia isiwe ya kandokando ya barabara kuu na yale malori ya Zambia, apite ndani mitaani na wenzake.

Kuna kundi nisilipite hata kama halipo kwako, vijana wenye ulemavu, ambao kipindi cha michezo wanaambiwa wakae na mabegi ya wenzao. Mwongozo ule wa 2020 ndo wa kwanza kuwawekea mapendekezo yao kabisa, na kiwango chao ni hizohizo dakika 60 kwa kadri mwili unavyoruhusu. Mwalimu akisoma hapa aache kuwapa mabegi.

Cha kufanya kwako. Usianze na binti, anza na ratiba. Siku tatu za wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kijana wa kiume abaki na vyombo na jiko mpaka saa 11 na nusu, mabinti watoke. Atanuna, muache anune, na baba ndo amwambie sio wewe, akimwambia baba inakaa. Binti mpe kamba, anajua kuruka, hilo halijatoka mwilini, dakika 10 kwa vipande vipande, aruke, pumzi ikikata apumzike, aendelee, uani kwenu kama anaona aibu barabarani. Akimpata jirani mwenzake wawili au watatu rede inarudi yenyewe. Mnunulie sidiria ya kubana vizuri, taiti, raba za mtumba pale Mwanjelwa zipo, na kwenye mwezi wake asilazimishwe wala asizuiwe, mazoezi mepesi hayana madhara na wengine yanawapunguzia maumivu. Jumamosi kiangazi hiki mpande nyote njia ya mlima Loleza, hata mkiishia nusu, mkiwa kundi na mchana mweupe, na wewe uende mama, duka lifungwe asubuhi moja. Tuisheni muulize kama zote zinahitajika. Simu usianze nayo kuipiga marufuku, ukichukua simu bila kuweka kitu unaongeza ugomvi tu.

Mwisho hilo la kuhema kwenye kimlima. Hapo kabla ya kamba na kabla ya Loleza mpeleke akapimwe wingi wa damu. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na mabinti walioanza hedhi juzi ni humohumo. Muulize anabadilisha pedi mara ngapi na siku ngapi, muulize kama anakula udongo au barafu, wengi wanakula na hawasemi. Kwa umri wake mpaka wa wingi wa damu ni gramu 12 kwa desilita, chini ya hapo ana upungufu, na kwa sisi tunaokaa juu, Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huo mpaka unatakiwa upandishwe kidogo, kwahiyo akipata 12 na pointi kidogo wakakwambia yuko sawa, muulize daktari kama kazingatia mwinuko. Wamsikilize na kifua pia, baridi na moshi wa mkaa vinaamsha pumu, na akiwa anapata kizunguzungu, maumivu ya kifua au amewahi kuzimia akikimbia hiyo ni ya kwenda leo sio wiki ijayo. Damu ikiwa imepungua atapewa madini chuma, anameza akiwa amekula kidogo ikimsumbua tumbo, asinywe na chai kwasababu chai inazuia kufyonzwa, na nguvu inarudi taratibu ndani ya wiki kadhaa. Majibu yakitoka niandikie namba uliyopewa pamoja na tarehe, ndo tupange kamba aanze na dakika ngapi.